Kisanduku Kilichojua Wasiwasi Wake

Tangi la Msalato liko kilimani, pampu iko bondeni, na kati yao hakuna waya, ni mtandao wa simu tu unaopeleka habari za kina cha maji. Siku hiyo mtandao ulikatika saa nne asubuhi, pampu ikiendelea kusukuma. Tangi likifurika, maji yangeshukia matofali mabichi elfu mbili ya Methusela, mlinzi wa pampu, aliyoyaanika chini ya kilima.

"Zima!" Methusela alimwambia Yasinta, fundi aliyefunga kisanduku cha kuongoza pampu. "Kimekuwa kiziwi hicho."

"Nikizima mapema, zahanati italala bila maji, baba. Kiziwi ndiyo, ila kinajua pampu inasukuma kiasi gani na watu wanachota kiasi gani. Kinakisia."

"Hata mimi juzi nilikisia ugali utatosha. Nikalala njaa!"

Kwenye kioo chake kisanduku kiliandika kina cha maji, na chini yake wasiwasi wake, yaani makisio yanaweza kukosea kwa kiasi gani: sentimita kumi, juu au chini. Kila ujumbe uliopotea uliongeza wasiwasi. Kumi na tano. Ishirini. Kwa ishirini na tano, maji yangeweza kuwa yamefika ukingoni, na pampu ikajizima yenyewe.

Methusela alipanda kilima mbio, akatumbukiza ufito tangini. Vilibaki vidole vinne lijae. Chini, matofali yalikuwa makavu. Alisimama akihema, akikitazama kibanda cha pampu kule mbali, kidogo kama kiberiti.

Aliporudi alivua kofia mbele ya kisanduku.

"Shikamoo," akasema, na safari hii hakuwa anatania.