Bakuli la Khiem

Bibi Nhan, jirani yetu wa mlango wa pili pale Sharpstown, mtaa wa Houston, aliandaa mabakuli matatu kila mlo, na walaji walikuwa wawili: yeye na bintiye, Dada Hanh. La tatu lilikuwa la Khiem, mwanawe, aliyetoroka Vietnam kwa mashua mwaka wa sabini na tisa na hakuonekana tena. Mimi nilikuwa wa nne, wa kujialika. Mama yangu na Dada Hanh walifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kulelea wazee, basi nikitoka shule njaa yenyewe ilinipeleka mlango wa pili. Bibi alijua sisi Waislamu. Alinipikia samaki kwa sukari iliyounguzwa, kwenye sufuria isiyowahi kuona nguruwe.

"Bibi, Khiem kachelewa tena. Nimsaidie sehemu yake?"

"Gusa uone," alisema, na vijiti vya kulia vikanitua vidoleni.

Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, yeye akiokota kwake, mimi kwangu. Juu ya televisheni alitundika bendera ya njano yenye mistari mitatu myekundu, ya Vietnam ya kusini iliyokwisha vitani. Nikamwambia nimeitafuta kwenye atlasi ya shule, nchi hiyo haimo.

"Atlasi yako imechorwa na wavivu," alijibu.

Chini ya bendera ilikuwepo picha ya Khiem akicheka, meno yote nje. Picha ya marehemu mumewe ilikaa ukuta wa pili, kwenye rafu yenye machungwa na vijiti vya udi. Rafu ile haiwekwi picha ya mtu aliye hai. Kwao kila marehemu ana siku yake, ile aliyofariki, na kila mwaka ikifika hupikiwa. Asiyejulikana siku yake hapikiwi, na asiyepikiwa huzurura na njaa.

Hilo la njaa ndilo lililomnyima Dada Hanh usingizi. Bila kumwambia mama yake, aliweka picha ya kaka yake kwenye gazeti la Kivietnam la pale Houston, akiuliza nani anamjua. Jumapili moja, sikukuu yao ya mwaka mpya imepita tu, mtu akabisha hodi. Ni Bwana Luc, mchomeleaji vyuma kutoka mji wa Port Arthur. Alikuwa kwenye mashua ile.

Nilikuwepo, mdomo umejaa. Nikainuka nitoke, Bibi akanishika shati nikakaa. Walizungumza Kivietnam, Dada Hanh alinitafsiria baadaye, neno kwa neno, maana nilimganda.

"Mama," Luc alisema, "siku yake naijua."

"Usiitaje. Ukinitajia nitapika. Nikipika, amekufa. Mwache achelewe."

"Mama, miaka yote hii hajala," alisema Dada Hanh.

"Anakula. Bakuli lake si hilo hapo?"

"Hilo la walio hai. Halimfikii."

Bibi alilitazama bakuli, kisha akamgeukia mgeni. "Alikuwa na njaa?"

Luc akaangalia mikono yake, imejaa makovu ya cheche. "Sote, Mama. Injini ilizima, mchele ukaisha. Yeye akawa anatutajia samaki wako, unavyounguza sukari, unavyomgeuza asivunjike. Tukamwambia afunge mdomo. Alikuwa mtani sana."

"Akafunga?"

"Wapi. Mpaka alfajiri aliponyamaza mwenyewe."

Bibi akaenda jikoni. Tukasikia maji ya bomba yakimwagika, yakimwagika tu, na hakuna anachoosha. Aliporudi mikono ilikuwa ikidondosha maji.

"Siku gani?"

"Mwezi mpevu, mwezi wa tatu wa kalenda yetu. Tuliuona vizuri. Baharini hakuna cha kuuziba."

Siku hiyo ilipofika, chini ya bendera palikuwa na alama nyeupe ya mraba. Khiem alikuwa kwenye rafu, meno nje vilevile, pembeni ya baba yake aliyenuna kama mtu aliyesimuliwa mzaha mbovu. Nilitaka kulisema hilo. Nikalimeza. Mama yangu alikuja na sinia la mahamri, kwa kuwa hajui kwenda msibani mikono mitupu.

Bibi aliweka lile bakuli mbele ya picha, wali na samaki, akawasha udi. Tukangoja mpaka vijiti vya udi vikaungua hadi mwisho. Ndipo akalishusha, akaja nalo moja kwa moja hadi kwangu.

Mama yangu akanitazama, kile kilikuwa chakula cha wafu. Halafu akatazama pembeni.

"Kula," Bibi alisema. "Ameshashiba."

Nikautafuta mzaha, hata mmoja mdogo, sikuupata. Nikamla yule samaki hadi akabaki mifupa, kwa sababu muda wote Bibi alikuwa ananitazama mdomo.