Kiti cha Popo

Alikuwa mwalimu wa udereva, kwa hiyo alizoea kukaa kando ya watu wanaoweza kumuua bila kukusudia. Wanafunzi wake walikanyaga mafuta wakidhani ni breki, wengine waliachia usukani ili wajipigie makofi, naye aliwaambia kwa sauti ileile: pumua, tulia, usiguse kitu. Watu walisema hajui kuogopa. Hata yeye aliamini hivyo, mpaka Jumamosi ile alipompeleka baba yake kwenye banda la kuegeshea ndege za jeshi.

Baba alikuwa fundi saa mstaafu. Tangu mkono wake wa kushoto uanze kutetemeka, hakuweza tena kushika gurudumu la saa bila kulirusha mvunguni. Ndege ndogo za plastiki, za kuunganisha kipande kwa kipande, aliziweza bado, maana kipande cha plastiki ukikikosa mara ya kwanza, kinakungoja. Akajiunga na chama cha waunda ndege hizo. Walikutana kwenye chumba cha ghorofani, juu ya duka la rangi, wakabishana kuhusu ndege moja tu.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kivita, ya jeshi la wanamaji, iliyostaafishwa zamani. Waliiita Popo, kwa sababu mabawa yake yalikunjwa kwenda juu ili ienee kwenye meli ya kubebea ndege. Waliipenda kama mchumba wa pamoja. Waliweza kununiana wiki nzima kwa sababu ya kijivu chake, kama ni kijivu cha jivu au cha wingu la mvua. Mmoja wao, daktari wa meno, mama mfupi mwenye kicheko kikubwa, aliwahi kumwacha mgonjwa mdomo wazi akapokee simu ya mwenzake aliyepata picha ya ndoano ya mkiani, ile iliyonasa waya Popo alipotua melini.

"Hawa wenzako wana wazimu, Baba," binti alimwambia siku moja.

"Ni wazimu wa kukaa kitini," Baba akajibu. "Ungependa nishinde baa?"

Popo wa kweli aliyebaki alikuwa mmoja, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege nje ya mji. Mwenyekiti wa chama alimbembeleza msimamizi wa banda hadi akakubali kuwafungulia asubuhi moja. Baba hakulala vizuri siku mbili kabla. Alikata kucha, akanyoa ndevu, akavaa koti la harusi za watu.

Banda lilikuwa refu, la bati, lenye makenchi ya chuma yaliyobeba paa, yamejaa kinyesi cha njiwa. Popo alisimama katikati, mabawa juu, matairi yamesinyaa. Wanachama walipomwona walivua kofia kama watu walioingia msibani. Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Msimamizi, mtu mnene aliyevaa ovaroli ya buluu, alikuwa fundi wa ndege hizo enzi zake jeshini. Aliwakusanya chini ya pua ya Popo.

"Sikilizeni, wakubwa. Mtapanda mmoja mmoja. Angalieni, pigeni picha, pimeni. Lakini katikati ya mapaja ya rubani kuna kishikio cha mistari ya njano na nyeusi. Hicho hakiguswi. Ukikivuta, baruti iliyo chini ya kiti inalipuka na kiti kinarushwa nje na mtu wake. Ndivyo rubani alivyojiokoa ndege ikimharibikia angani."

"Si baruti ilishatolewa?" mwenyekiti akauliza.

"Niliambiwa imetolewa. Sikuwepo. Ndiyo maana asubuhi hii nimechomeka pini ya usalama kwa mkono wangu. Ina utepe mwekundu. Ikiwa mahali pake, kishikio hakivutiki."

Binti alitazama juu. Kutoka pale anapokaa rubani hadi kwenye makenchi umbali haukuzidi urefu wa mnazi mdogo. Akatazama viatu vyake.

Wa kwanza kupanda alikuwa Kinyonga, mpaka rangi wa magari, aliyeitwa hivyo kwa sababu kila siku vidole vyake vilikuwa na rangi nyingine. Alikaa kule juu hadi wenzake wakaanza kumzomea. Aliposhuka alikuwa anatabasamu huku anatokwa jasho, mkono mmoja mfukoni.

Baba akafuata. Binti alimshika kiuno kwenye ngazi ya chuma mpaka akaingia, akateremka kumwachia nafasi ya kupiga picha kwa kamera yake. Kutoka chini aliona upara tu wa mzee wake ukizunguka huku na huku, na akasikia kamera ikilia. Baba alikuwa na tabia ya kuuzungusha mkanda wa kamera kwenye mkono unaotetemeka, isije ikamponyoka.

Kamera ikanyamaza.

"Mwanangu," Baba aliita. Sauti ilikuwa ya chini mno. "Hebu njoo. Nimenaswa."

Alipanda haraka. Mkanda wa kamera ulikuwa umepita chini ya kile kishikio cha njano na nyeusi. Ncha moja ilikuwa imefungwa kwenye kamera, iliyokwama pembeni ya kiti, na ncha nyingine ilikuwa imezungushwa mara kadhaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake. Kila ulipotetemeka, mkanda ulikaza, na kishikio kikacheza. Kilikuwa kimeshainuka kidogo. Chini yake ulionekana ukanda mwembamba wa chuma king'avu, safi, ambao haukuwa umeona mwanga miaka mingi.

"Usinyanyuke, Baba."

"Nilitaka kunyanyuka, ndipo kikaja nami."

Binti aligeuza shingo bila kusogeza mwili. "Msimamizi! Utepe mwekundu uko wapi?"

"Mbele ya kishikio, hapo hapo. Huwezi kuukosa."

"Haupo."

Msimamizi alisukuma jukwaa la magurudumu upande wa pili akapanda mbio, mbio ambazo hakuna aliyedhani mwili ule unaziweza. Akachungulia.

"Mzee wangu," alisema polepole, "kaa hivyo hivyo. Usikisukume kurudi chini. Usikiguse." Kisha akapaza sauti: "Wote nje! Tokeni nje ya banda!" Akamgeukia binti. "Na wewe dada, shuka."

"Sishuki."

"Kikiruka, kinakupitia wewe kwanza."

Miguu ya binti ilijua hilo. Mwili mzima ulitaka kushuka ile ngazi na kukimbia mpaka barabarani. Aliinama juu ya kiti, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono miwili, akaukandamiza kwenye paja. Mtetemo ulimpanda viganjani, ukafika kwenye viwiko. Haukukoma, ila ulipungua. Kishikio kikatulia.

"Pumua, Baba," alisikia sauti yake ya kazini ikisema. "Tulia. Usiguse kitu."

"Usinifundishe gari, mwanangu." Midomo ya Baba ilikuwa myeupe. "Shuka. Nitamwambia nini mama yako?"

"Utamwambia mwenyewe nyumbani. Pumua."

Wanachama walikuwa wamesimama mlangoni, penye mwanga wa jua. Binti hakuthubutu kupiga kelele sana, kana kwamba hata sauti ingeweza kuvuta kitu.

"Nani amechukua pini?"

Mwenyekiti alimtazama daktari wa meno, daktari akamtazama Kinyonga. Kinyonga alitazama chini.

"Labda imeanguka," alisema.

Binti alikuwa ameuona uso ule mara nyingi. Ni uso wa mwanafunzi aliyegonga nguzo na kudai nguzo ndiyo iliyomfuata.

"Kaka, toa mkono mfukoni. Tafadhali. Huyu ni baba yangu."

Kinyonga akautoa. Utepe mwekundu ulining'inia kati ya vidole vyake, umefubaa, na pini nyembamba mwishoni.

"Nilitaka rangi yake tu," alisema huku analia. "Jua limeufubaza vizuri, sijawahi kuona wekundu kama huu. Nilijua baruti haimo. Ningeurudisha."

"Ulete basi, na kisu cha kukatia mkanda!" msimamizi akafoka.

Lakini Kinyonga hakusogea. Ndipo daktari wa meno akampokonya pini, akapekua mkoba wake akatoa kisu chembamba alichokatia plastiki za ndege zake, akaingia bandani kwa hatua zake fupi, anasema peke yake, "Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu," hadi chini ya jukwaa la msimamizi. Akanyoosha mkono. Hakutimua mbio kurudi. Alibaki amelishika jukwaa lisiyumbe.

Msimamizi aliinama akapokea kisu na pini. "Mshikilie vilevile, dada. Nikikata kwa kuvuta, nitakivuta na kishikio. Itabidi nibonyeze tu."

Mkanda ulikuwa mgumu, wa nailoni, na kisu kilikuwa cha kukatia vipande laini vya plastiki. Alibonyeza. Uzi mmoja ukakatika, halafu mwingine. Jasho lake lilidondoka kwenye koti la Baba. Binti aliutazama ule ukanda wa chuma king'avu na kuomba usipanuke. Ilionekana kama umepanuka. Hapana. Ndiyo. Hakuweza kujua tena macho yake yalikuwa yanamwambia nini.

Ta!

Wote watatu waliganda. Baba alifumba macho, akamwita binti yake kwa jina la utotoni, ambalo hakuwa amelitamka tangu alipoolewa.

Ilikuwa kamera. Mkanda ulikuwa umekatika na kamera imeanguka kwenye sakafu ya ndege.

"Bado," msimamizi alinong'ona. Alichukua pini, akaielekeza kwenye tundu. Ikaingia nusu, ikagoma. Akaijaribu kwa upole. Ikagoma. "Nusu inatosha. Mtoe. Mnyanyue wima, asiguse mbele."

Binti alimkumbatia baba yake kwapani, akamvuta juu kama mtu anayetoa mtoto kwenye beseni. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Walishuka ngazi wameshikana, wakapita mlangoni, wakaendelea kutembea hadi kwenye uzio wa kiwanja, kwa sababu hakuna aliyeweza kusimama.

Wataalamu wa mabomu wa jeshi walikuja mchana. Walitoa kiti kizima, wakakaa nacho nyuma ya mifuko ya mchanga muda mrefu. Mkubwa wao aliporudi alimwambia msimamizi kwamba baruti ilikuwamo. Ilikuwa imezeeka, na baruti iliyozeeka huenda isiwake kabisa, au ikawaka kwa kuguswa tu. Msimamizi alikaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa kofia.

Binti hakuweza kuwasha gari. Ufunguo haukupata tundu lake. Baba alimngoja, hakumwambia pumua.

Chama kilitaka kumfukuza Kinyonga. Baba ndiye aliyekataa. Alisema mwenye wazimu huwezi kumfukuza kwenye nyumba ya wenye wazimu, ukianza hutabaki na mtu. Baba mwenyewe Jumamosi mbili hakuenda chamani, ya tatu akaenda. Binti alirudi kufundisha, ila sasa mwanafunzi akifunga breki ghafla, yeye anaweka mkono kifuani na kuomba wasimame kidogo kando ya barabara.

Kinyonga alikuja nyumbani jioni moja, amenawa mikono hadi ngozi imechubuka, hana hata doa la rangi. Binti ndiye aliyefungua mlango.

"Nimekuja kumwomba radhi mzee," alisema. "Na wewe, dada."

"Mzee yuko sebuleni, ameshakusamehe zamani," akamjibu, akampisha apite. "Mimi bado, kaka. Nikisema nimekusamehe, nitakudanganya."

Akaenda jikoni kumsaidia mama yake. Kutoka sebuleni alimsikia Baba akimwambia Kinyonga kwamba kile kijivu cha Popo, baada ya kukiona kwa karibu, hakikuwa cha jivu wala cha wingu.