Diski ya Mbere

Zephaniah alikuwa fundi mzuri wa kompyuta, hilo hata mahasidi wake hawalipingi, lakini alikuwa na ugonjwa wa masikio. Si uziwi. Huyu alisikia kupita kiasi. Mtu akipanda ngazi za duka lake pale Remera, Kigali, akafika juu anahema na kusema "raptop yangu inarara," Zephaniah hakusikia shida ya mashine. Alisikia zile r zilizokalia viti vya l, akaziondoa kimyakimya, akarudisha l zake mahali pake, kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtu wa Muheza huyo, mkoa wa Tanga, kule ambako kwa maneno yake mwenyewe hata jogoo huwika kwa Kiswahili fasaha. Miaka sita Kigali, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kununulia maji na kuombea radhi tu. Ajisumbue ya nini? Watu walimletea Kiswahili chao kibovu pamoja na mashine zao mbovu, naye akatengeneza vyote viwili. Mashine kwa malipo, Kiswahili bure.

Mama yake alimwambia tangu mdogo kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika. Lakini nani huyo anayemsikiliza mama?

Mzee Gratien alikuja Jumanne, yeye na binti yake Christella wakishikana kubeba kompyuta kama watu waliobeba mgonjwa. Na mashine ilikuwa mashine kweli! Kasha la kioo, feni sita zenye taa, kadi ya picha nzito kama tofali. Ilikuwa ya Jean-Luc, mtoto wa Christella, aliyemwachia babu yake alipokwenda Kanada kusoma.

"Mwanangu," mzee akasema, akiwa bado hajakaa, "hii mashine iko na nguvu sana. Lakini gemu inachukua dakika makumi ine kufunguka."

Zephaniah alimtazama. Mzee wa miaka sabini na kitu, koti la suti, rozari ikichungulia mfukoni. Gemu!

"Gemu ni ya mjukuu, mzee?"

"Ni ya kwangu."

Christella alingoja baba yake aende dirishani kutazama watu wanaotoka uwanja wa mpira, ndipo akasema kwa sauti ya chini. Baba yake alilelewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kama Wanyarwanda wengi waliokulia ukimbizini. Sasa kichwa kinamsaliti. Daktari ameshasema, na alichosema hakina dawa. Kabla ya kuondoka, Jean-Luc alimfundisha babu gemu ya kujenga kwa matofali, na mzee badala ya kujenga majumba ya ajabu kama watoto, alianza kujenga Buyenzi ya utotoni mwake. Barabara kwa barabara. Nyumba kwa nyumba, na juu ya kila mlango kibao chenye jina la aliyekaa humo. Ilikuwa ni miaka miwili sasa.

"Jina ambalo hajaliweka humo," Christella alisema, "ujue halipo tena. Juzi ameniuliza mama yake aliitwa nani. Tumeenda kuangalia kwenye gemu, tukalikuta."

Mzee alikuwa amewasikia. Aligeuka, wala hakuona haya.

"Kichwa inavuja, mwanangu. Nahamisha vitu. Asubuhi nakaa hapo najua, leo naweka duka ya Usumani. Nangoja, nangoja. Ikikuja kufunguka, Usumani ameshaenda. Naangalia tu majani."

Zephaniah hakuwa na moyo wa jiwe. Maneno yale yalimwingia. "Mzee, Jumamosi itafunguka kabla hujakaa vizuri kitini," akasema, na aliahidi kwa dhati kabisa.

Akaanza kazi. Alipuliza vumbi, maana vumbi la Kigali jekundu halina adabu. Akabadilisha dawa ya kupoza ubongo wa mashine. Akachomoa memori moja moja na kuzijaribu. Akasasisha programu, akafukuza zile zinazojiwasha zenyewe bila kuitwa. Jumatano jioni akafungua gemu, akaweka saa mezani. Dakika thelathini na nane.

"Tumeshinda mbili!" mzee akacheka.

Maana mzee alikuja kila siku. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza ya fundi, kofia gotini, akasimulia ili asisahau. Alisimulia duka la Usumani lililokuwa kwenye kona ya barabara ya saba. Alisimulia mlango wake, rangi yake, nani aliupaka na kwa nini Usumani aligombana naye siku nzima kwa sababu ya rangi ile, mpaka majirani wakatoka kucheka. Siku tatu, hadithi ile ile. Na kila alipofika kwenye "murango ya Usumani," Zephaniah, bisibisi mkononi, hakuweza kujizuia.

"Mlango, mzee. Mlango wa Usumani."

"Ndiyo, murango," mzee alijibu bila kinyongo, akaendelea.

Alhamisi fundi akapata mchawi. Ndani ya kasha kulikuwa na diski mbili, pacha kabisa, kampuni moja, ukubwa mmoja. Moja imefungwa mbele, karibu na feni, nyingine nyuma. Zote zimejaa pomoni, na kila moja ina folda iliyoandikwa Buyenzi. Gemu ilikuwa inasoma huku, inakimbilia kule, inarudi huku, haina hata pa kuweka mguu. Mashine yenye nguvu zote hizo, imekabwa koo na diski zake yenyewe! Dawa ilikuwa moja tu: diski moja ifutwe kabisa, ipangwe upya, na mji uhamie humo peke yake.

"Mzee, nifute ipi?"

Siku hiyo kichwa cha mzee kilikuwa safi. Alinyanyua kidole, akatoa kikaratasi katika pochi. "Jean-Luc alinisomea kwa simu, nikaandika mwenyewe. Futa ya mbere. Ya nyuma usiguse, hiyo ndiyo iko na Buyenzi yote."

Zephaniah akapokea karatasi. Mwandiko wa shule za zamani, umelala vizuri: *Ya mbere: kufuta. Ya nyuma: Buyenzi.* Akaona ile r. Tabasamu la upande mmoja likamjia, wallahi r zao hata katika maandishi hawaziachi! Akachukua kalamu, akaikata r, akaandika l juu yake, akamrudishia mzee karatasi kwa heshima zote.

Angeweza kufungua zile folda akatazama tarehe. Dakika mbili tu. Kuuliza si ujinga, na kutazama vilevile. Lakini maelekezo alikuwa nayo, kwa mdomo na kwa maandishi, na mbele ni mbele. Akafuta diski ya mbele. Wala hakufuta kwa juujuu kama mafundi wa uchochoroni. Aliiandika upya yote, mwanzo hadi mwisho, saa sita nzima, ili pasibaki hata chembe. Mimi nikifuta nimefuta, alizoea kusema. Kisha juu yake akapanga kila kitu kipya, na mji akauhamisha kutoka diski ya nyuma. Ijumaa alipojaribu, gemu ilifunguka kwa sekunde tisa. Alipoona tu neno Buyenzi limetokea, akaizima na kupiga kofi la furaha.

Jumamosi umuganda, ile kazi ya pamoja ya mitaa, ulipokwisha na magari yakaruhusiwa, alikodi teksi mpaka Niboye, nyumbani kwa mzee. Christella alimpokea getini na jembe la umuganda bado mkononi. Mashine ikawekwa mezani sebuleni, mzee akavuta kiti, Christella akashika simu kuhesabu.

Sekunde tisa.

"Yeee!" Christella alipiga kelele, akamkumbatia baba yake. "Papa, umeona?"

Kwenye kioo kulikuwa na majani. Majani tupu, mpaka mwisho wa macho. Barabara moja fupi katikati, na kando yake nyumba tatu, mbili hazina paa.

"Hii ni ile ya zamani," Christella akasema, bado anacheka. "Aliyoanza nayo, wakati Jean-Luc anamfundisha. Fungua hiyo ingine, kaka."

"Ingine ipi?"

Alimtazama. Kicheko kikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo. "Iliyokuwa kwenye diski ya nyuma."

"Hii ndiyo ya nyuma. Nimefuta ya mbele, kama alivyoandika."

Christella alifungua pochi ya baba yake, akatoa kikaratasi, akakisoma, akakisogeza karibu na dirisha akakisoma tena.

"Nani ameandika juu ya hii?"

"Mimi," Zephaniah akasema. "Nilisahihisha tu."

"Ulisahihisha nini?" Alikigonga kikaratasi kwa kidole. "Kwa Kinyarwanda ya mbere ni ya kwanza. Ya nyuma ni ya mwisho. Si ya huku na ya huko! Diski ya kwanza Jean-Luc aliikuta humo, nyuma. Ya mwisho alinunua yeye, akaiweka mbele kwa sababu ndiko kulikuwa na nafasi. Mtoto wa chekechea hapa anajua ya mbere ni nini! Umekaa Kigali miaka mingapi, wewe?"

Zephaniah aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, halafu nyuma ya aibu akaona kitu kibaya kuliko aibu. Barabara zote zile. Vibao vyote vile. Jina la mama wa mzee.

"Inaweza kurudi?" Christella aliuliza. "Si nyinyi mafundi mnarudisha vitu vilivyofutwa?"

"Huwa tunarudisha," akasema. "Hii nimeifuta kabisa."

Christella akampigia mtoto wake Kanada, akimwamsha usingizini. Zephaniah hakuelewa Kinyarwanda chake cha haraka, ila *oya*, yaani hapana, alilielewa, maana lilikuja mara tatu kutoka upande wa pili, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Hapana nakala. Hapana popote. Christella alikata simu, akaketi kwenye mkono wa kochi, akajifunika uso kwa kitenge.

Muda wote huo mzee Gratien hakuwa nao. Alikuwa kwenye majani, anatembea. Hakukasirika, wala hakuuliza mji umekwenda wapi, na hilo ndilo lililomuumiza Zephaniah kuliko makelele yote ambayo angepigiwa. Mzee alikuwa amefurahi.

"Inafunguka haraka kweli," alisema. "Asante sana, mwanangu. Leo sijasahau. Leo naweka duka ya Usumani."

Akaweka tofali la kwanza, la pili, la tatu. Ukuta ukapanda vizuri, akaacha uwazi wa mlango. Kisha mkono ukasimama juu ya kipanya. Dakika zikapita, taa za feni zikibadilika rangi bila sababu. Mashine ilikuwa tayari, haimngojeshi tena.

Mzee akageuka taratibu, akamtafuta fundi kwa macho, akampata, uso wake ukang'aa.

"Wewe nilikuambia! Ulikuwa pale na mimi. Murango ya Usumani ilikuwa rangi gani?"

Zephaniah alifungua mdomo. Alikiona kigoda, kofia ile gotini, aliisikia sauti ya mzee yote nzima, siku tatu, hadithi moja mara tatu. Alilisikia neno lenyewe na r yake, wazi kama kengele. Akatafuta kilichofuata baada ya neno lile, akatafuta kwa nguvu zake zote, na hapakuwa na kitu.

"Murango," akasema.

"Ndiyo," mzee akamsaidia kwa upole, "murango. Rangi gani?"