Aproni Mbili

Tangu asubuhi sijaweza kukaa kitako. Nimefagia chumba kilichokwisha kufagiwa, nimefunga kilemba, nimekifungua, nimekifunga tena. Njiani kuja ofisi ya kazi wifi yangu alikuwa akinivuta mkono: "Polepole basi, utakohoa!" Utadhani mwendo ndio ulioniletea homa ya mapafu.

Kiwandani kwetu tunashona sare za shule. Mimi mtu wa kola. Hatusaini popote. Kila mshonaji ana aproni yake kwenye msumari wake, na msimamizi akipita asubuhi hatazami nyuso, anatazama misumari. Aproni ikining'inia, mwenyewe hayupo. Isipoonekana, yupo kazini.

Nilipolazwa, wifi, mke wa kaka yangu, naye mshonaji palepale, akaona aniokoe. Kila siku alivaa aproni mbili, yangu chini, yake juu, na wakati wa mapumziko akanishonea kola chache. Nani alimtuma? Nilipotoka hospitali na cheti cha daktari mkononi, msimamizi alinifukuza palepale mlangoni. "Siku zote ulikuwepo, kola ziko wapi? Mvivu mkubwa we!" Bila notisi, bila senti.

Afisa wa kazi niliyemwendea, bwana mmoja mpole, alinieleza kwamba sheria inataka mgonjwa alipwe akiwa kitandani, na hafukuzwi mtu bila notisi. Nilirudi nyumbani nikiimba. Deni la hospitali nililiona limekwisha.

Jana jioni ndipo wifi alipokuja kuniambia habari ya aproni, huku akilia. Nilimpasha, sikumbakizia! Kisha nikatazama vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano kwa ajili ya kola zangu, nikanyamaza. Kaka yangu hana kazi. Mshahara wa wifi ndio unaowalisha wote mle ndani, na msimamizi akijua alichofanya hatamaliza hata siku kazini.

Leo tumeketi ofisini kwa afisa, meza moja na msimamizi, wifi kwenye benchi kando yangu. Msimamizi akasema cheti changu ni cha kughushi, kwani aproni haikuwa msumarini.

Afisa akanigeukia. "Dada, kama ulikuwa hospitali, nani alikuwa akiichukua?"

Wifi akaanza kuinuka. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote, akakaa.

"Nilikuwa kazini," nikasema.

"Hukuugua?"

"Sikuugua."

"Basi malipo ya ugonjwa hutapata."

"Najua. Lakini notisi nataka. Hata mvivu hafukuzwi kama mbwa."

Afisa akakubali. Akamwambia msimamizi kwamba fedha ya notisi italipwa, mtu awe mvivu au hodari. Nilipaswa kufurahi. Roho iliniuma vibaya sana, maana deni la hospitali halisubiri, na nilikuwa nimeitupa haki yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hapo ndipo kikohozi nilichokibana tangu asubuhi kikanishinda. Nilikohoa mpaka nikashika meza. Wifi akanipigapiga mgongo huku akilia waziwazi.

Msimamizi akasukuma glasi yake kwangu. "Mpeni maji! Mtu mgonjwa hivi, mmemtoa kitandani ya nini?"

Afisa akamtazama yeye, kisha mimi, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi. Alikuwa akiningoja.

Nikayanywa yale maji yote.

"Mimi mzima," nikamwambia.