Mikono Imekubaliwa, Uso Bado

Jumatatu saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya ajira ya hospitali, bahasha ya kaki mapajani. Kazi ya kupiga pasi shuka alishaipata tangu wiki iliyopita. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi katika nchi aliyoishi miaka kumi na moja na kuwazaa humo mapacha wake, waliokuwa na miezi minane. Bila uthibitisho, hakuna kugusa hata foronya. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, ila wa hapa ulizoea kukata upande wa benchi.

Karani wa ajira, mwanamume mpole aliyependa kunoa penseli, aliviweka vidole kumi vya Mama Pacha kwenye mashine. Taa ikawaka kijani. Akamsimamisha mbele ya kamera. Taa ikawaka nyekundu.

"Vidole ni vyako, mama. Uso ndio si wako."

"Picha hiyo nilipiga siku naomba kibali. Kibali kimechukua miaka tisa kutoka."

"Naona. Kwenye picha huna mikunjo hii."

"Nimeipata nikisubiri."

Karani alikubali kwamba maelezo hayo yana mantiki, akaeleza kwamba mantiki haina fomu. Hakuwa na roho mbaya, na mashuka ya wodini yalikuwa yamerundikana hadi dirishani. Kanuni ilisema kilichothibitishwa kianze kazi siku hiyohiyo. Akagonga muhuri: mikono miwili, kuanzia kwenye vifundo. Mikono ikachomoka bila damu wala kelele, ikafungwa kitambulisho kwenye kidole gumba, ikashuka ngazi kwa vidole kuelekea chumba cha dobi. Mama Pacha akafunguliwa mlango, akarudi nyumbani.

Wifi yake, aliyebaki na watoto, alimtazama juu hadi chini.

"Mikono iko wapi?"

"Kazini."

"Na wewe?"

"Bado nahakikiwa."

"Kumbe kaka yangu kaoa vipande," wifi alisema, akaenda kutafuta kijiko, maana sasa wa kulishwa walikuwa watatu.

Siku za mwanzo mikono ilirudi saa kumi na moja jioni, ikajipachika, naye akawabeba mapacha mpaka wakasinzia. Lakini ilikuwa hodari, na hospitali ilifurahi mno. Haikula mchana, haikwenda msalani, haikupiga soga. Ilipotakiwa kuongeza saa haikukataa, kwa kuwa haikuwa na mdomo. Ikawa inarudi imevimba kwa mvuke wakati watoto wameshalala. Mumewe alikuwa kwenye benchi jingine mjini, na bahasha yake, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa mikono ile.

Kunyonyesha kulihitaji wifi amshikilie mtoto, kisha amlete mwenzake. Mwezi wa tatu, mdogo wa mapacha alipolia alimnyooshea mikono shangazi yake, si mama. Mama Pacha aliumia sana.

"Wifi, naona wivu mpaka kifua kinauma."

Wifi siku hiyo hakuwa na utani. "Najua. Sasa nifanyeje, nimdondoshe?"

Kila Jumatatu alirudi kwa karani kuomba uso wake ukubaliwe. Alipeleka picha ya kila mwaka ili mikunjo ionekane ikiingia mmoja mmoja. Alipeleka barua ya jirani aliyeapa kumfahamu, na ambaye kwa kuapa aliitwa naye kuhakikiwa. Karani alipokea vyote kwa heshima na kunoa penseli. Benchini watu waliongezeka. Kulikuwa na mpagazi aliyekubaliwa mgongo tu, na mpishi aliyekubaliwa ulimi. Mpishi alikuwa na mengi ya kulalamikia, lakini ulimi ulikuwa zamu.

Mwezi wa saba uso ukakubaliwa, na kiwiliwili kikapita kwa bahati hiyohiyo. Karani akampongeza, akamning'inizia cheti shingoni. Mama Pacha alishuka mbio hadi chumba cha dobi kumwambia msimamizi kwamba sasa yuko kamili: atafanya saa zake na kuondoka na mikono yake kungali mchana, awabebe watoto wake wakiwa macho.

Msimamizi, mwanamke mwenye kalamu sikioni, alisoma cheti chote.

"Hongera sana. Ila nafasi yetu ni ya mikono. Ukija mzima utataka kiti, utataka kula, halafu utakuwa na maoni."

"Nikikataa?"

"Benchini wako wengi, na mikono yao imeshapita."

Nyuma ya msimamizi, mikono ya Mama Pacha ilikuwa mezani. Ilikunja shuka, pembe kwa pembe, ikaliweka kando, kisha ikalipigapiga taratibu mara mbili, kama inavyopigwapigwa migongo ya watoto wagumu kulala. Ikachukua shuka jingine. Mama Pacha alisimama akiitazama mpaka macho yakamlowa, na hakuwa na cha kuyafutia.

"Hilo nalo nilitaka tuzungumze," msimamizi alisema. "Huko kupigapiga kunatupotezea dakika arobaini kwa siku. Nimeiandikia onyo, lakini haisomi. Iambie iache."

"Nitaiambia."

Jioni ilipojipachika, akaiambia. Kesho yake ikaacha.