Teke la Mnyapara Siku ya Krismasi

Miaka ile dhahabu ilipoanza kuchimbwa Geita, Maduhu alirudi Kharumwa kula Krismasi na mkewe Limi, akifuatana na mnyapara wake wa machimboni. Jua liliwaka hadi kuku wakajibanza chini ya ghala. Limi na shoga yake Mwamvua walikuwa jikoni tangu alfajiri.

Mbwa mzee wa nyumbani alilala kivulini. Mnyapara akakitaka kivuli hicho. Hakumfukuza, alimpiga teke la mbavu kwa kiatu chake cha ngozi, mbwa akalia kama mtoto.

Maduhu akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichompandisha Limi mori. Akampokonya mgeni sahani ya nyama. "Toka kwangu!"

"Mama Bujiku, waniaibisha kwa ajili ya mbwa?" Maduhu akamfokea mkewe.

"Fisi walipotuzingira, wewe ulikuwa machimboni. Huyu ndiye aliyelala mlangoni kwa wanao. Ukitaka, mfuate rafiki yako!"

Mnyapara akaondoka akitukana. Maduhu alisimama juani kitambo, kisha akaketi. Limi hakumtazama. Mwamvua alileta maji ya moto, Limi akaanza kumkanda mbwa mbavu, huku nzi wakijaa kwenye wali.