Uwanja Uliohamia kwa Kokoto Jazz

Tulikuwa wanne, na hatukuwa na mwenyewe. Miaka ile ya sabini kila bendi ilikuwa na baba yake: shirika, kiwanda au chama cha ushirika. Baba ndiye aliyenunua magitaa na sare. Sisi Kokoto Jazz wa Maganzo tulijitafutia wenyewe, na tulichokikosa tulikitengeneza kwa debe.

Mpiga gitaa wetu, Pantaleo, alikuwa Mzaire wa Kasai. Alikuja kufuata almasi, almasi ikamkataa, akabaki na gitaa. Eustace alikuwa Mzungu wa Ayalandi, fundi pampu kule Kolandoto. Alipiga fidla, wazee wakaiita zeze la kizungu. Alikuwa na tabia ya kumwamkia shikamoo kila mtu, hata watoto, nao walimwitikia marahaba kwa raha zao. Ngoma ilikuwa ya Mwanaima, Mmanyema wa Shinyanga mjini, muuza mandazi. Mimi Zipora, binti wa wakulima wa Songwa, niliimba huku nikigonga jembe bovu kwa nondo.

Nyimbo zilikuwa za kwetu, za kulima na za harusi, ila sisi tulizipiga mbio mbio na kwa makelele, kama watu wanaofukuza fisi zizini.

"Hawa wanapiga au wanavunja?" watu waliulizana. Lakini kila siku ya gulio walikuja, na uwanja wa gulio ukawa nyumba yetu.

Mwaka mmoja, watu wamekwisha kuvuna, akatuita Bwana Fikirini, msimamizi wa gulio.

"Nyota ya Pamba wanautaka uwanja," alisema. "Wana kampuni nyuma yao. Wana vipaza sauti, wana jenereta, wana suti. Nyie nyuma yenu kuna nani?"

"Kuna watu," Mwanaima alijibu.

"Haya, hao watu tutawaona Sabasaba. Mtashindana. Atakayeshinda abaki na uwanja. Atakayeshindwa nisimsikie tena Maganzo."

Basi ikawa hivyo. Hoteli za mjini zilikuwa na bendi zake, na nani mwingine angetaka makelele yetu? Tukikosa uwanja ule, bendi imekufa.

Sabasaba asubuhi Pantaleo akaja na furushi limefungwa kamba. Lori la Geita lilikuwa limesimama kando ya barabara, lingeondoka jioni.

"Tukishindwa mie napanda lile," alisema. "Naenda kuosha dhahabu."

"Hujapiga hata wimbo mmoja, umeshafunga mizigo?" Mwanaima alimwambia. "Tena hiyo kamba ni yangu, ya kuvalia ngoma. Naitafuta tangu juzi. Ilete."

Akaifungua mwenyewe. Mashati mawili na sufuria vikamwagika chini, naye akavaa ngoma yake begani kana kwamba hakuona kitu.

Sasa, kwetu Usukumani ngoma zikishindana hazipokezani. Zinapigwa zote mbili kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Hakuna mwamuzi anayekaa mezani. Watu wanahukumu kwa miguu: walikojaa, huko ndiko kwenye ushindi. Sisi tumelikuta hilo tangu tumebebwa mgongoni, hatukufikiria kwamba kuna mtu wa kuelezwa.

Walichora mstari wa chokaa katikati ya uwanja. Tukaanza sisi, na watu wakajaa upande wetu. Kisha Nyota ya Pamba wakawasha jenereta, vijana wa suti za bluu na suruali za bugaluu, tarumbeta zinang'aa. Wakaanza kupiga. Hapo Eustace akashusha fidla yake, akawainamia kichwa kwa adabu, akanyamaza. Pantaleo naye akanyamaza.

Watu wakageuka. Vumbi la miguu yao likatupita kuelekea kule.

"Mnangoja nini?" niliuliza.

"Zamu yetu," alisema Eustace.

"Hapa hakuna zamu, baba. Ukinyamaza umeshindwa."

Mzungu wa watu akawa mwekundu hata masikioni. Pantaleo aliangalia lori.

Tukarudi kupiga, lakini vile vipaza sauti vilitumeza. Nilijua tukizidi kupiga kelele tutapasuka koo bure. Nikatazama pembeni ya uwanja. Walikuwapo wachimbaji waliotoka moja kwa moja mashimoni, machekeche yao kwapani, wameegemea makoleo yao, hawajaamua waende wapi.

Kwetu ukiwaita majirani waje kukulimia, humwombi mtu. Unasimama karibu naye unaanzisha wimbo, halafu unamwachia kiitikio. Mwenye jembe mkononi akikiacha kiitikio kianguke chini, ni aibu yake.

Nikaenda hadi kwenye chokaa, nikasimama mbele ya mzee mmoja mchimbaji, Nassibu, nikaimba usoni pake:

"Shamba la nani hili?"

Nikanyamaza. Mzee alinitazama, akatazama koleo lake.

"Letu," alisema, kama mtu aliyeulizwa njiani.

"Shamba la nani hili?"

"Letu!" Akapiga koleo kwenye jiwe.

Mwanaima akalidaka pigo hilo kwa ngoma hapo hapo. Eustace akakwangua fidla mpaka ikalia kama mlango wa zizi, Pantaleo akaingia na gitaa lake, mbio zile zile zetu. Mara makoleo kumi, mara siwezi kusema mangapi. Wenye machekeche wakatia changarawe ndani wakatikisa, chaka chaka, chaka chaka. Wakavuka chokaa na kazi yao mikononi, na wake zao nyuma, na wenye baiskeli wakigonga kengele. Vipaza sauti vina nguvu, lakini havina mikono.

Mpiga tarumbeta wa Nyota ya Pamba alianza kuufuata wimbo wetu. Mwenzake alimkanyaga mguu, wapi. Wakavuka mmoja mmoja, mwishowe mwimbaji wao akabaki amesimama peke yake na kipaza sauti.

"Kaka, hiyo suti itapauka kwa jua," Mwanaima alimwita. "Vuka."

Akavuka, koti begani.

Bwana Fikirini alikuja akitembea juu ya chokaa, mikono nyuma. Aliposimama, mguu wake mmoja ulikuwa unagonga chini, sidhani kama alijua.

"Kule amebaki nani?" aliuliza.

"Ng'ombe wawili," alisema mzee Nassibu, "na jenereta."

"Basi uwanja ni wa Kokoto."

"Wabeja," nilimshukuru kwa Kisukuma, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Watoto walimzunguka Eustace, siku hiyo wao ndio waliomwamkia yeye shikamoo.

Jua linaelekea kuzama Pantaleo alikwenda kumwambia dereva wa Geita kwamba hasafiri. Akakuta lori tupu, mlango wazi. Dereva na abiria wake wote walikuwa kwetu, dereva anagonga debe kwa spana, jasho linamtiririka.

Mwanaima aliinua kamba ya ngoma yake.

"Nikurudishie, ufunge mzigo?"

"Kaa nayo," alisema Pantaleo, akainama kuokota sufuria yake.